Jina Ambalo Machibya Hakulitaja Dirishani

Kiseke,
Mwanza.
Jumatatu, 16 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Modesta,

Pokea salamu kutoka Kiseke, zangu na za mke wangu Getruda, ambaye yuko barazani anapepeta mchele na kila baada ya muda ananiuliza kama nimeanza kuandika. Nimeanza. Wewe hujambo? Baridi ya Njombe inakufanyaje mwezi huu? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona, au bado unakunywa dawa ya kikohozi kama chai? Watoto wanaendeleaje na masomo? Natumaini cherehani nayo haijakuchosha.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi. Magoti yangu yananisumbua ninapopanda mlima wa nyumbani, lakini yananifikisha. Barua yako ya mwezi wa nne niliipata. Haikuwa na tarehe. Nilikufundisha mahali pa kuweka tarehe ulipokuwa darasa la tatu, nawe hujasahau, umezembea tu. Usirudie.

Mama yako yuko vile vile, na kwa ugonjwa wake kuwa vile vile si habari njema. Tezi ya shingo imekua tangu ulipomwona wakati wa Krismasi. Anakula uji na ndizi zilizopondwa. Akilala chali hukosa pumzi, kwa hiyo analala ameegemea mito, na asubuhi anasema amelala vizuri ingawa sote tunamsikia. Daktari amesema apasuliwe, na isipite Agosti. Ametuambia hivyo mara mbili. Mara ya pili hakutabasamu.

Ndiyo sababu siwezi kukaa nikatulia. Tangu asubuhi nimeinuka kwenye kiti hiki mara nne, na karatasi hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilianza na ombi kabla ya maelezo. Nitakueleza kwa mpangilio.

Unajua kwamba shemeji yako Machibya, mume wa mdogo wako Selina, anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Mwaka huu kiwanda kimewakatia wafanyakazi wake wote bima ya afya. Kila mfanyakazi anaandikisha watu watano pamoja naye: mwenza wake, watoto, wazazi wake, au wazazi wa mwenza wake. Maana yake ni kwamba Machibya anaweza kumwandikisha mama yako, na bima italipia upasuaji. Bima yangu ya ustaafu inatuhusu mimi na mke wangu tu, na wewe, mumeo na cherehani yako hamna mwajiri. Hatuna njia nyingine, Modesta. Nimezitafuta.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa kuombwa. Ofisa utumishi wa kiwanda, Bi Nusrat, nilimfundisha shule ya msingi. Mwezi wa tano alinifuata hapa nyumbani na kijitabu cha kurasa arobaini ambacho wafanyakazi walikuwa wamepewa na ambacho hakuna aliyekielewa. Nilikisoma mara mbili. Sentensi moja ilikuwa na mistari tisa. Nikakubali kwenda Jumanne na Alhamisi, saa ya chakula, kuwaeleza watu haki zao kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tulikaa bwaloni, wao wakiwa na mabuti meupe na mikono inayonuka sangara, mimi na ubao ulioazimwa kanisani.

Nilikuta mambo ambayo kijitabu hakikuyatazamia. Chenge, anayepakia barafu, alikuwa ameitia kadi yake kwenye mfuko wa nailoni na kuifungia ndani ya sanduku la mkewe. Alipougua malaria alilipa fedha taslimu zahanati, kwa kuogopa kwamba akiitumia kadi itakwisha. Mwenzake, Ngosha, alinyoosha mkono akiwa mtulivu kabisa.

"Mwalimu, mimi watu wangu ni wanne. Imebaki nafasi moja."

"Una mzazi aliye hai?"

"Hapana. Lakini nina ng'ombe wa kulimia, ana homa wiki ya pili."

Walicheka mpaka sahani zikaanguka. Nami nilicheka, nakiri, kisha nikamwambia aandike kwenye daftari lake kwamba mtegemezi ni binadamu. Aliandika. Baada ya wiki tatu watu walikuwa wanajua hospitali za kwenda, wanajua kwamba dawa zipo ndani ya bima na miwani haimo, na Chenge alikuwa ametoa kadi sandukani. Niliridhika sana na kazi yangu. Nakuambia hili ili uelewe jinsi nilivyokosea.

Fomu ya Machibya niliikagua mwenyewe. Alikuwa ameandika Selina, watoto wao wawili na baba yake mzazi, kwa mwandiko mzuri, na kwa baba yake alikuwa ameweka hadi jina la kijiji alikozaliwa. Mstari wa tano ulikuwa mtupu. Nilipomuuliza kuhusu mama mkwe wake alisema amesahau. Nikachukua kalamu, nikaliandika jina la mama yako kwa herufi kubwa, yeye akatia sahihi huku akitazama pembeni. Nilipaswa kushtuka hapo. Mtu anayekumbuka kijiji alikozaliwa baba yake hawezi kumsahau mama wa mke wake. Lakini nilikuwa na haraka, na fomu sasa ilikuwa imejaa.

Ijumaa iliyopita kampuni ya bima ilimleta karani wake kuhakiki fomu. Ni binti anayeitwa Precious, mpole, anayevaa miwani, na nadhani si mtu wa huku. Aliwekwa nyuma ya dirisha la stoo akiwa na kompyuta yake. Utaratibu wake ni kwamba kila mfanyakazi asimame mwenyewe na kutaja kwa kinywa chake majina kamili ya watu wake, na yeye alinganishe na fomu. Alisema kuna mahali watu waliwahi kuandikisha wapangaji na majirani wakidai ni wazazi wao. Siwezi kumlaumu. Utaratibu huo haukuwa kwenye kijitabu, kwa hiyo sikuwa nimewafundisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na dirisha. Machibya alitaja jina la Selina, akataja watoto, akamtaja baba yake. Sauti yake ilisikika hadi mlangoni.

"Mama mkwe anaitwa nani?" Precious akauliza.

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama Modesta."

"Hivyo ndivyo mnavyomwita nyumbani, kaka. Nataka jina la kwenye kitambulisho."

Machibya akainamia buti zake. "Dada, si limeandikwa hapo?"

"Naliona. Nataka nilisikie kwako."

Precious akangoja. Foleni haikungoja.

"Machibya, ulioa nyumba bila kuuliza mwenyewe?" akasema Ngosha.

"Huyu mahari aliitupa getini akakimbia," akasema Chenge.

Kicheko kikapita kwenye foleni. Kisha mama mmoja wa kitengo cha kufungasha akageuka. "Chekeni. Na nyinyi mlioandika wakwe zenu, mkifika hapo mbele mtasemaje?"

Kicheko kikakatika. Nilinyoosha mkono nimsaidie, lakini Precious aliniambia kwa adabu, "Samahani mzee, usimjibie." Nikarudi kukaa. Mimi, mwalimu wao. Halafu nikaona jambo ambalo halijanitoka moyoni hadi leo. Watu watatu walitoka kwenye foleni kimya kimya, wakaomba fomu zao kwa Bi Nusrat, wakakata kwa kalamu majina ya wakwe zao, wakarudi kusimama.

Modesta, hii ni desturi yetu, nawe umelelewa ndani yake. Mkwe hatajwi. Huketi naye kiti kimoja, huli naye sahani moja, na jina lake halipiti mdomoni mwako. Precious hakujua. Alidhani mtu huyu anadanganya, na kwa macho ya mgeni alionekana anadanganya kweli. Akaiweka fomu pembeni, chini ya kikokotoo. Bi Nusrat alijaribu kumweleza, naye akasikiliza, lakini akasema hana kisanduku cha kujaza maelezo kama hayo. Amekubali jambo moja tu. Atarudi Ijumaa hii, tarehe ishirini, kwa ajili ya fomu zenye mashaka. Baada ya hapo orodha inafungwa hadi mwaka ujao. Mama yako hawezi kungoja mwaka ujao.

Jumamosi nilikwenda Pasiansi kwa Machibya. Nilimkuta anatengeneza banda la kuku. Aliniamkia, akanipa kiti, akaendelea kugonga misumari kwenye ubao ambao tayari ulikuwa na misumari ya kutosha.

"Mjomba," akasema mwishowe, "angehitaji damu yangu ningempa leo. Jina, hapana."

"Hahitaji damu yako. Anahitaji kupumua."

"Baba aliniambia, ukilitaja jina la mkwe mbele ya watu, umemvua nguo mbele ya watu. Na pale walikuwepo watu sitini."

Selina alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Nimechoka na heshima yenu. Mama akivuta pumzi anapiga mluzi. Nyinyi mnaheshimu mluzi?"

Machibya aliweka nyundo chini, akasema maneno yaliyonifanya nikuandikie. Alisema kwamba akifunguliwa katika mwiko huu, atataja. Lakini afunguliwe na mwenye haki.

Mwenye haki si mama yako mwenyewe, maana hawezi kuzungumza naye jambo hilo. Wala si mimi, ingawa ni kaka yake. Nyumbani kwetu anayemfungua mkwe ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile alikooa. Ni wewe.

Usidhani mama yako anatusaidia katika hili. Aliposikia yaliyotokea dirishani alifurahi. Alikaa kitandani akiwa ameshika shingo yake, akasema, "Kaka, mwacheni mkwe wangu. Amenistahi mbele ya watu wote." Nilitoka chumbani kwa sababu ningemjibu vibaya. Ni mdogo wangu, nimemlea, na sikutaka kumkaripia mtu ambaye hawezi kupumua vizuri.

Basi ombi langu ni hili. Chukua karatasi safi, uandike kwa mkono wako kwamba wewe, Modesta, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, umemruhusu shemeji yako Machibya kulitaja jina la mama yenu popote atakapoulizwa kwa ajili ya matibabu yake. Usiongeze mapambo. Weka sahihi. Weka tarehe. Kisha mwombe jirani yako Mastura aipige picha karatasi hiyo na kuituma kwenye simu ya Selina kabla ya Alhamisi jioni. Barua hii nitamkabidhi kondakta wa basi la kesho alfajiri, na Jumatano itakuwa mikononi mwako.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu ya Mastura. Jana nilianza kubonyeza namba, nikaacha. Sababu ya kwanza ni kwamba neno la simu Machibya hawezi kumwonyesha baba yake, na karatasi anaweza. Sababu ya pili ni kwamba kuna jambo lililobaki, nalo siwezi kulisema sikioni mwa jirani. Nadhani siwezi kulisema sikioni mwa mtu yeyote. Ndilo lililonifanya nichane zile karatasi mbili. Habari ya kutanguliza ombi ilikuwa kisingizio.

Mwaka 1996 nilikuwa nafundisha ng'ambo, upande wa Sengerema. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea. Siku moja Getruda alivuka kwa kivuko kuja Mwanza, na huku nyuma mama yule akaanguka uani. Mwalimu mwenzangu alitupeleka hospitali iliyo karibu na gati la kivuko kwa pikapu yake, akatushusha, akarudi kazini. Mama alikuwa hawezi kusema. Nilimweka kwenye benchi na kwenda kusimama kwenye foleni ya kuandikisha wagonjwa. Mbele yangu walikuwa watu wanne. Nikasikia kila mmoja anaulizwa, jina la mgonjwa ni nani, naye anajibu.

Sikufika dirishani. Walipobaki wawili mbele yangu nilitoka kwenye foleni. Nilimwomba mwanamke mmoja aliyekuwa pale amwangalie mama, nikaenda hadi gatini kumngoja mke wangu. Alifika na kivuko cha saa tisa. Alikimbia, akataja jina la mama yake, na wakampokea papo hapo. Nusu siku nzima watu wa hospitali hawakujua hata kwamba ana shida, kwa sababu mimi, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, sikuwaambia.

Alifariki siku ya tisa. Sijui kama ile nusu siku ilibadilisha chochote. Daktari hakusema, nami sikuuliza. Msibani wazee walinisifu kwa adabu yangu, nami nilipokea sifa hizo nikiwa nimesimama wima. Getruda hakunisifu, na hakunilaumu. Hatujawahi kulizungumza.

Kwa hiyo Ijumaa ile, Machibya alipoinamia buti zake, nilijua kabisa anachokitazama. Na wale watatu waliokata majina, nilijua wanakokwenda. Ningeweza kuwaonya wiki tatu kabla. Niliwafundisha yote yaliyokuwa kwenye kijitabu, nikawanyima jambo moja nililolijua kwa mateso yangu mwenyewe, kwa sababu kulieleza kungenilazimu kujieleza.

Nimeinuka tena sasa hivi, na hii ilikuwa mara ya tano. Nilikwenda barazani. Getruda ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba yao. Tangu tufunge ndoa mwaka 1984 mwenye haki ya kunifungua amekula nami meza moja kila siku, nami sikuwahi kumwomba. Nimemwomba leo. Hakuacha kupepeta.

"Miaka arobaini na moja nakungoja," akasema. "Nilidhani utakufa nalo. Taja."

Nimerudi kwenye kiti. Nimeshika kalamu tena.

Ijumaa nitakwenda kiwandani pamoja na Machibya. Bi Nusrat amewaita pia wale watatu, na fomu mpya zipo. Nitaomba dakika tano kabla ya Precious kufungua dirisha, na nitawaeleza habari ya gatini kama nilivyokueleza wewe. Nimemwahidi Machibya kwamba nitalitaja la mkwe wangu kwanza, mbele ya watu wote sitini, aone kwamba nimebaki nimesimama. Lakini yeye bado anangoja karatasi yako. Usichelewe, mwanangu. Sijakuomba kitu tangu ulipoolewa.

Nisalimie mumeo, na umwambie kahawa aliyotuletea imekwisha. Wasalimu watoto, mmoja mmoja kwa majina yao. Msalimu Mastura na umshukuru mapema kwa simu yake. Selina anakusalimu, na wanawe pia. Mama yako anakusalimu. Ameniambia nisikueleze kwamba anaumwa sana, kwa hiyo ukimwandikia jifanye hujui.

Mungu akulinde huko kwenye baridi, abariki kazi ya mikono yako, ampe mama yako Suzana pumzi ya kutosha, na amrehemu mama mkwe wangu, Dorotea.

Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti kabla ya kufunga bahasha. Barazani ungo umenyamaza.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye na ninayengoja,

Yakobo Mashimba